Duka la Kunkle na Dhambi Yake

Katika mji wa Tannersburg, Pennsylvania, watu walimjua Marlin Kunkle kwa miguu kabla ya kumjua kwa sura. Alipeleka barua mtaa wa juu kwa muda mrefu kiasi kwamba mbwa waliomkimbiza alipoanza kazi walikufa kwa uzee, na wajukuu zao wakaurithi ugomvi. Kiangazi na theluji alivaa viatu vyeusi vya soli nene kutoka duka la familia, lililosimama kwenye kona mkabala na stesheni, na juu ya mlango wake pameandikwa kwa herufi za dhahabu: KUNKLE NA WANAWE.

Hao "wanawe" waliwekwa kwa ajili ya adabu tu. Mzee Kunkle alikuwa na wana wawili, ni kweli, lakini duka alilirithi mkubwa, Raymond, mwenye shingo iliyoumbwa kwa ajili ya tai. Mzee alimweleza Marlin sababu bila kuipaka asali: "Kaka yako ana uso wa kuuzia. Wewe una miguu ya kutembelea." Basi Raymond akauza viatu na Marlin akavichakaza, na kila mwaka alipewa jozi moja bure na kutarajiwa ashukuru. Alishukuru. Alioa mara moja, mwanamke wa Altoona mwenye kicheko kikubwa, ambaye baada ya miaka michache alikwenda kumtembelea dada yake, na mpaka leo hajamaliza kumtembelea.

Alipostaafu, miguu ikapumzika na mikono ikakosa kazi. Ndipo alipoangukia treni ndogo za mfano.

Kila Alhamisi jioni, wanaume wa makamo na waliopita makamo walishuka ngazi hadi chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, wakajimiminia kahawa iliyochemshwa mara ya pili, na kuendesha reli. Juu ya vichwa vyao Mungu aliabudiwa; chini, wao walikuwa wameumba ulimwengu wa kwao, na kwa maoni yao ulipangika vizuri zaidi. Ulikuwa mji huohuo wa Tannersburg, umetandazwa juu ya meza zilizozunguka kuta zote, nyumba ya ghorofa mbili si kubwa kuliko pakiti ya majani ya chai. Siku zote ilikuwa Oktoba, mwaka wa 1954. Garimoshi bado linatoa moshi, hakuna aliyefilisika, hakuna aliyefiwa, na majani ya miti hayaanguki kwa sababu yamegandishwa kwa gundi.

Ulimwengu huo ulikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Kila jengo lazima liwe na dhambi yake. Desturi ilianza zamani, ili watoto wanaokuja siku ya wazi, mji unapokaribishwa kutazama, wapate cha kutafuta badala ya kuchokonoa treni kwa vidole vyenye jamu. Nyuma ya benki, karani mnene alikuwa anatokea dirishani, suruali imemkwama vifundoni. Juu ya paa la shule, mwalimu mkuu alikuwa anaota jua kama alivyozaliwa. Makaburini, nyuma ya kanisa hilihili, mchungaji mwenye kola nyeupe alikuwa anakojolea kaburi la marehemu Hostetter, aliyekuwa mtunza fedha wa usharika. Mchungaji wa kweli alishuka siku moja, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akasema tu kwamba shabaha ni nzuri.

"Jengo lisilo na dhambi si jengo," alipenda kusema Duane Shirk, mwenyekiti wao. "Ni boksi." Duane alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, na alichonga matofali kwa vyombo vilevile alivyowatesea watu wa mji.

Mwaka huo, pale mezani, kona ya stesheni ikabaki wazi. Mwenye jengo lililokuwapo alihamia Florida, akaling'oa jengo lake na kuondoka nalo, jambo ambalo wenzake walilisema vibaya kuliko kama angemwacha mke. Duane alitaka aweke baa. Marlin akanyoosha mkono, naye hakuwa mtu wa kunyoosha mkono.

"Ile kona ni yetu," alisema. "Lilikuwapo duka letu pale."

Hakuwahi kuliita "letu" maisha yake yote.

"Basi lijenge," Duane akasema. "Kura tutapiga Alhamisi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Likipita, Jumamosi ya siku ya wazi litakuwa pale. Likishindwa, naweka baa yangu na haitoki mpaka nife. Na usisahau dhambi."

Picha pekee ya mbele ya duka ilitundikwa kwenye ngazi za nyumba ya Lucille, mjane wa Raymond. Lucille alifundisha Kilatini katika shule ya sekondari ya mji mpaka Kilatini kilipofutwa kwenye ratiba, kosa ambalo hajawasamehe. Kila Jumapili alimpikia Marlin nyama ya nguruwe na kabichi iliyochachushwa, na kumsahihisha anapokula.

"Shemeji," Marlin alisema, akipokea bakuli la viazi, "naomba niazime ile picha ya duka."

"Ya nini?"

"Nataka kulijenga. Dogo. La kule kanisani."

"Kule chini mnakocheza."

"Hatuchezi. Tunaendesha."

"Mnamwendesha nani? Nimesikia habari za huyo mchungaji wenu wa makaburini. Mji mzima umesikia."

"Lile kaburi ni la Hostetter."

"Najua ni la nani. Hostetter alistahili." Lucille akamwongezea kabichi bila kuulizwa. "Lakini sisi akina Kunkle hatukojoi hadharani, wala hatukojolewi. Picha utaipata. Maandishi yawe ya dhahabu. Vioo ving'ae, Raymond alivifuta kila asubuhi kabla hajala. Hakuna uchafu, hakuna uchi, hakuna dhambi. Nikikuta hata paka mwenye mimba pale mlangoni, hutakula tena kwenye meza hii."

Marlin alikubali yote, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa viazi. Njiani kurudi nyumbani ndipo alipotambua kwamba ameahidi watu wawili mambo mawili yasiyoweza kulala kitanda kimoja.

Alinunua duka la kuunganisha, lenye vipande vya plastiki vilivyoshikana kama samaki kwenye mshikaki. Akavikata kwa koleo ndogo, akavisugua ncha kwa tupa, akapaka rangi ya kijivu ya kutangulia, kisha nyekundu ya matofali. Rangi ilipokauka akapaka juu yake nyeupe iliyolainishwa kwa maji, akaifuta kwa kitambaa, ikabaki kwenye mifereji kati ya matofali tu, na matofali yakawa yamejengwa kwa saruji. Hapo huwa kuna furaha ambayo Marlin hakuwahi kuipata kazini. Barua hata uipeleke vipi haigeuki kuwa kitu kingine. Fremu za madirisha alizipaka kijani. Maandishi ya dhahabu aliyaandika kwa brashi yenye unywele mmoja, akibana pumzi, kwa kuwa amevuka miaka themanini na mkono unatikisika kila akivuta hewa. Herufi ya kwanza ilimgharimu mchana mzima.

Yakabaki madirisha, plastiki nyembamba iliyo angavu kama maji. Kwa madirisha kuna gundi yake nyeupe, ya polepole, isiyo na madhara. Lakini ya polepole inataka mkono uliotulia, na Marlin hakuwa nao tena. Akachukua supaglu. Inashika papo hapo. Kisha, kwa kuwa paka wake alikuwa anapukutisha manyoya, akalifunika duka zima ili lisiingie vumbi, na alilolifunikia lilikuwa boksi la viatu la Kunkle na Wanawe.

Kila mwenye reli ndogo duniani anajua kwamba supaglu ikikauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukikosa pa kutokea hukaa kwenye vioo. Marlin naye alijua. Aliwahi kumcheka mtu kwa kosa hilo.

Asubuhi alipofunua, vioo vyote vilikuwa vyeupe kama maziwa. Na kabla hajapata hata nafasi ya kutukana, Lucille alikuwa mlangoni na pai ya maboga, amekuja kukagua.

Aliiweka pai mezani. Akalitazama duka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umevipaka sabuni," alisema.

"Hapana, shemeji, ni..."

"Naona kwa macho yangu."

Hapa lazima isemwe jambo ambalo familia haikulisema. Mwaka ule watu wa Tannersburg walipoanza kuendesha magari hadi maduka makubwa ya barabara kuu kununua viatu vya kitambaa na mpira, Raymond alifunga duka, na kwa mkono wake mwenyewe akavipaka vioo sabuni kwa ndani, watu wasione rafu tupu. Kanisani ilitangazwa kwamba anastaafu kwa ajili ya mgongo. Mji ukaitikia kwa heshima. Ulikuwa haujanunua kiatu kwake kwa muda mrefu, na kuuamini mgongo wake lilikuwa jambo dogo kabisa ambalo ungeweza kumfanyia.

"Nilikupa picha ya duka lililo wazi," Lucille alisema. "Umenijengea lililofungwa. Na unakwenda kuliweka mbele ya watu, na tikiti za bahati nasibu na maandazi."

Akaichukua pai yake akaondoka nayo. Hiyo pai ndiyo iliyomwonyesha Marlin ukubwa wa jambo.

Alimpigia simu Gus Petrilak, aliyewahi kufanya kazi ya breki kwenye reli ya kweli na akapoteza nusu ya kidole huko.

"Supaglu?" Gus aliuliza.

"Supaglu."

"Ukafunika?"

"Nikafunika."

Gus akashusha sauti, kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Mzee, wewe ndiye uliyemcheka Duane mpaka kahawa ikakutoka puani."

"Najua nani alimcheka nani. Kuna dawa?"

"Ipo. Polishi ya sakafu. Ile ya zamani, ya maji maji, ya chupa ndefu. Unakichovya kioo, ukungu unaondoka. Lakini siku hizi huioni dukani. Labda umpate bibi mmoja aliyeficha."

Marlin hakuhitaji kuambiwa ni bibi gani. Sakafu ya jiko la Lucille iling'aa kiasi kwamba wageni waliogopa kuvaa sketi. Alikaa na jambo hilo mpaka chai ikapoa. Kisha akavaa viatu, akapanda kilima, akagonga.

"Pai nimeshaikata," Lucille alisema kupitia mlango ulioachwa wazi upana wa kiganja.

"Sikufuata pai. Nimefuata polishi ya sakafu."

"Sakafu yako haijawahi kuona polishi."

"Ya kuchovya vioo. Gus anasema ukungu utatoka."

"Gus Petrilak hajashika dekio tangu azaliwe."

"Shemeji, sikuvipaka sabuni. Nilikosea gundi, halafu nikafunika na boksi. Ningekuwa na akili ya kukutukana kwa ufundi namna ile, baba angeniachia mimi duka."

Kona ya mdomo wa Lucille ilifanya jambo ambalo mtu asiyemjua angelidhani ni kiungulia. Akashuka ghala la chini, ambako alikuwa na chupa za kutosha kung'arisha sakafu mpaka kiama na baada yake kidogo, akarudi na moja, na koti begani.

"Nitaibeba mwenyewe," alisema. "Wewe utaimwaga."

Wakakaa kwenye meza ya Marlin, taa katikati. Marlin akayabandua madirisha kwa ncha ya wembe, moja moja, huku Lucille akihesabu makosa kwa kuvuta pumzi. Akalishika la kwanza kwa kibanio, akalichovya. Ule weupe ukatoweka kama pumzi inavyotoweka kwenye kioo cha kujitazamia. Lucille akachukua kibanio mkononi mwake akachovya la pili mwenyewe, na la tatu, na hakukirudisha.

Yalipopangwa kukauka, alinyoosha mkono kuchukua boksi la viatu ayafunike. Marlin akamshika kiganja.

"Usithubutu."

"Aah," Lucille alisema. "Ndivyo ilivyotokea."

Kisha, bila kumtazama, akasema: "Sasa hiyo dhambi."

"Dhambi gani?"

"Usinifanye mjinga, Marlin. Sheria yenu inajulikana mpaka kwa mwokaji mikate. Duane atauliza Alhamisi. Ulikuwa unapanga kuniambia lini?"

"Siku moja, baada ya kula."

"Chakula cha lini?"

"Cha Pasaka."

Lucille akakunja kitambaa chake vizuri, pembe kwa pembe. "Wamependekeza nini?"

"Gus alisema mwanamke kwenye beseni la kuogea, dirisha la ghorofani."

"Ghorofani tuliweka mabuti ya watoto."

"Ndiyo maana nikakataa."

"Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Huyo hapana. Na Raymond hakuwa na dhambi."

Marlin, aliyelala chumba kimoja na Raymond ujana wake wote, alinyamaza, na ukimya huo uhesabiwe miongoni mwa mema yake.

"Lakini wewe," Lucille alisema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Mwaka huohuo mnaojifanya mnaishi. Ulikuwa unamfukuzia yule wa Altoona, unarudi alfajiri, na mchana unapanda ghorofani kwetu na mkoba wa barua, unavua viatu, unalala juu ya maboksi ya mabuti miguu ikiwa dirishani. Mtaa wa juu wanasubiri barua zao. Mkuu wa posta anapiga simu, na Raymond, mtu asiyesema uongo, anasema, 'Amepita hapa sasa hivi, anakimbia.'"

Marlin aliwekewa siri hiyo miaka mingi, na kumbe waliokuwa wakiitunza walikuwa wawili. "Raymond alikwambia?"

"Alinisimulia kila Krismasi. Alicheka mpaka akalia." Akaivuta taa karibu. "Basi, dhambi iwepo, kama lazima. Lakini iwe yako."

"Shemeji, haiwezekani. Duka ni la Kunkle, na sheria inataka dhambi ya jengo lenyewe, si ya mpeleka barua."

Lucille alimtazama juu ya miwani, kama alivyomtazama mwanafunzi aliyekosea jambo la darasa la kwanza.

"Kwani wewe ni nani?"

Marlin akaanza kuisafisha brashi ambayo ilikuwa safi.

Yule mpeleka barua walimtengeneza kutokana na sanamu ya abiria aliyeketi, si mkubwa kuliko punje ya mchele. Marlin alimlaza, akamnyoosha miguu, akampaka sare na kumwekea mkoba chini ya kichwa. Miguu miwili ya soksi ikatokeza dirishani. Kwa kupenda ukweli, alitia nukta ya waridi kwenye soksi ya kushoto, pale kidole gumba kinapochungulia. Lucille akaomba kioo cha kukuzia.

"Hilo ni tundu?"

"Ndivyo zilivyokuwa."

"Kunkle anaweza kulala kazini," Lucille alisema. "Kunkle hatembei na soksi iliyotoboka. Ipake."

Akaipaka.

Alhamisi Lucille alishuka naye ngazi za kanisa, akaletewa kiti cha watoto wa shule ya Jumapili, akakikalia kama kiti cha hakimu. Wanaume wakaacha kutukana, na treni mbili zikagongana kwa sababu hiyo. Duane akalishika duka kwa vidole vya daktari, akaligeuza huku na huku.

"Matofali mazuri. Herufi nzuri. Vioo... Marlin, vioo hivi umevifanyaje?"

"Siri ya nyumbani," Lucille alisema.

"Lakini ni safi mno. Hapa magarimoshi yanapita mchana kutwa. Jengo safi linaonekana la plastiki." Akafungua kopo lake la unga wa masizi, lile lililowahi kumchafua kila mtu mle ndani.

"Moshi ni wa reli, si wetu," Lucille alisema. "Kama reli inataka kuchafua, ichafue juu ya kibao cha jina. Chini ya kibao Raymond ameshafuta."

Duane aliwahi kung'oa meno ya watu wagumu, na alijua jino lipi liachwe. Akapaka masizi juu ya kibao tu. Akainama, akatafuta dhambi mlangoni, uchochoroni, kwenye paa. Kisha akaiona miguu.

"Nani huyu?"

"Posta," Marlin alisema.

"Posta gani... Ndiyo maana! Mama yangu alisubiri cheki ya marehemu babu yangu mpaka akaenda kupiga kelele posta!" Alicheka mpaka akahitaji kuketi, na kiti kilikuwa kimoja tu, na Lucille hakusogea. Mikono ikanyooshwa. Wa Duane ulikuja wa mwisho, lakini ulikuja. Baa ikapelekwa nyuma ya kinu cha nafaka, mahali ambapo baa za kweli hupenda kuwa.

Jumamosi, Lucille alisimama kwenye kona ile tangu mlango ulipofunguliwa. Hakuna aliyeweza kuitazama stesheni bila kwanza kupita kwake. Kuna msichana mmoja mwenye jamu shavuni aliyeipata miguu haraka kuliko wote.

"Huyu amekufa?"

"Hajafa. Yuko kazini."

"Ni nani?"

Lucille akaelekeza kidole kwenye kibao cha dhahabu, kwenye neno la mwisho. "Ni mmoja wa hao hapo."

Marlin alikuwa upande wa pili wa meza, ameshika kidhibiti cha treni ya mizigo, na aliisikia kila silabi. Aliipitisha treni mbele ya duka polepole sana, polepole kuliko ratiba inavyoruhusu, na hakuna aliyemwuliza. Lucille akainama kwenye dirisha la ghorofani kuhakikisha mambo yote ni safi. Soksi ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia hakuitazama kwa makini, na Marlin hakuona haja ya kumwambia.